Sarafu za Easter

Sarafu ilikuwa na joto. Dedan Thuku alikuwa ameifukua mchana wa Jumapili, baada ya kanisa, aipanguse kwa kitambaa kama ilivyokuwa desturi yake, na kumbe ilitoka ardhini na joto la paji la mtoto mwenye homa. Akacheka peke yake. Malindi nayo, alijisemea, hata udongo unatoka jasho.

Zilikuwa tano, nne za platinamu na moja ya paladiamu. Dedan, mhudumu wa baa katika hoteli ya ufukweni, alizinunua moja moja kwa mgeni wake Mjerumani, mzee aliyempenda na kumtia maneno: dhahabu kila mtu anayo, lakini madini haya meupe ni haba, na magari ya Ulaya yanayahitaji kwenye mabomba ya moshi, ziweke, mwanao atakuja kunishukuru. Dedan akaziweka. Viatu vyake vilitoboka, mkewe Kasiva akavaa leso ile ile Krismasi hadi Krismasi, na wenzake kazini wakamwita Gavana wa Benki. Hakujali. Hakuna mwizi atakayechimba chini ya kitanda cha mtoto, aliwaza, basi akazitia kwenye kopo na kulifukia hapo, nyumbani kwao Muyeye, akaupigapiga udongo na kumwambia binti yake aliyekuwa akimtazama huku ananyonya kidole, "Hizi ni zako, Easter."

Mvua za masika ya mwaka themanini na sita zilikuja na malaria, ikamchukua Easter kabla hajatimiza mwaka. Majirani waliendelea kumwita Kasiva Mama Easter. Kila alipoitwa aliitika, na kila alipoitika Dedan aliumia.

Baada ya Jumapili ile ya sarafu yenye joto, miezi michache tangu msiba, mambo yakaanza. Jua likiwa utosini na mtaa mzima umelala, kopo la sarafu lilicheza chini ya ardhi, kacha, kacha. Harufu ya mafuta ya nazi, yale aliyopakwa mtoto baada ya kuoga, ikajaa chumbani, ilhali chupa yenyewe ilishatupwa. Siku moja Dedan alirudi mapema kutoka kazini, akamkuta mkewe amelala kifudifudi, shavu sakafuni, anatabasamu.

"Baba Easter," alinong'ona, "vua viatu. Utamwamsha."

"Nani?"

"Njoo umsikie."

Dedan alipiga magoti, akaweka sikio kwenye udongo, na kwanza hakusikia ila moyo wake mwenyewe, halafu akasikia pumzi, ndogo, zenye mkoromo wa kifua kile kile alichokisikiliza hospitalini, zikipanda, zikishuka, zikikaribia, mpaka akahisi kabisa kwamba kilichokuwa kikipumua kimegeuza uso na kuweka mdomo wake upande wa pili wa udongo, sawasawa na sikio lake, na mdomo huo ukasema, "Mama."

Tangu hapo Kasiva aliacha kula. Sarafu zilizidi kupata joto, naye akazidi kupoa, hata vidole vyake vikawa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Dedan akameza aibu yake ya Ukristo, akamwita Kadii, mganga wa Kigiriama kutoka Vitengeni. Mama huyo hakuja na mbwembwe. Alinusa chumba, akauliza.

"Mwanangu, ulipozifukia ulisema ni za nani?"

"Za mtoto."

"Na mtoto yuko wapi?"

Dedan akautazama udongo chini ya kitanda.

"Nyinyi watu wa bara," Kadii alisema polepole, bila ukali. "Sisi hapa mali nyeupe hatuifukii kwa jina la mtu. Mwenye jina akifa, mali hubaki ikimwita, na jini hulivaa jina hilo akaja kuitika. Huyo si mwanao. Anamtaka mama yake, na atampata."

"Nizitupe baharini?"

"Ukizitupa bado ni zake. Zinunulie kitu, hata chumvi, zishikwe na mikono ya watu, ziwe pesa kama pesa nyingine. Zote. Ikibaki moja, mkeo haumalizi mwezi huu."

Kasiva alimng'ang'ania mguu mlangoni. "Niachie moja, Baba Easter. Moja tu. Utamzika mara ngapi?" Dedan alijinasua akilia.

Kombe mwenye duka alizigeuzageuza zile nne. "Za nchi gani hizi, bwana? Zina picha ya malkia, shilingi zetu hazina."

"Nipe chumvi tu."

"Haya, nitaziweka chini ya mguu wa mizani, inayumba." Akamfungia chumvi kwenye gazeti, akimtazama kwa huruma. "Lete na hiyo nyingine."

Ilikuwa ile ya paladiamu. Ikatetemeka kiganjani mwa Dedan, harufu ya mafuta ya nazi ikapanda, na sauti ndogo yenye mkoromo ikasema, "Baba."

Dedan akaganda. Easter alikufa hajui neno jingine ila mama. Kila jioni alimrusha juu akimfundisha, sema baba, sema baba, na mtoto akicheka tu. Aliyesema sasa hakuwa yeye. Dedan alilijua hilo vizuri kabisa. Alimkumbuka Kasiva na vidole vyake vya baridi, akayakumbuka maneno ya Kadii, na bado kiganja kikakataa kufunguka.

"Bwana, lete," Kombe alisema.

"Hii siuzi," Dedan akajibu, akashika njia ya nyumbani, na njia nzima aliiweka sikioni, akiibembeleza iseme tena.