Jiwe Halipokei Simu

Treni ya Mombasa ilipoingia Nakuru asubuhi moja ya mwaka 1973, Chepkemei alikuwa ameshafika dirisha la mizigo, gauni la njano likimfika magotini na viatu vya soli nene vikimbana vidole. Alikabidhiwa madebe ya maji. Nyuma yake alisimama kijana wa suruali pana chini, kola ya shati imemtanda kifuani.

"Madam, hiyo debe itakuvunja mkono. Nikusaidie?"

"Polepole basi. Ni maji ya bahari."

"Ya bahari? Si ungechota tu ziwa yetu, pia iko na chumvi."

"Ziwa yetu ni magadi. Samaki wa bosi wangu, Mama Manjit, watakufa."

"Najua, nakutania. Mimi nimelelewa Mombasa."

Uongo mtupu. Kijana huyo, Khisa, alikuwa fundi wa redio mtaa wa Bondeni hapo hapo Nakuru, na safari yake ya kuelekea pwani ilikuwa imeishia Longonot, kabla hata ya kufika Nairobi. Lakini Chepkemei alimchekea, kishimo kikamtokea shavuni, na mwanamume akichekewa hivyo hataki tena kujisahihisha.

Mapenzi yakashika moto. Chepkemei alikuwa mpokea simu katika hoteli ya Mama Manjit, ambako tanki la samaki lilipamba chumba cha chai, na kila mchana alipiga simu dukani kwa fundi.

"Sweetheart, umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Wacha uongo wewe. Sikia, matumbawe yanakuja kesho. Yule muuzaji anasema tanki yetu iko na taa moja tu, tuchukue zile za kahawia zinalala chini kama uyoga, hizo zinavumilia giza. Mama naye anataka za matawi. Wewe mtu wa Mombasa unasemaje?"

"Matawi ni maridadi. Jiwe inataka taa ya nini?"

Chepkemei alicheka sana, akidhani ni utani, maana matumbawe ni viumbe hai. Mwishowe aliagiza ya matawi kumridhisha Mama, na moja dogo la kahawia la kujaribu.

Kesho yake Khisa alikuja kusaidia. Simu ikalia, Chepkemei akakimbia. "Zisuuze kidogo kwa maji, uziweke ndani!"

Maji yapi, ya bahari au ya mfereji, hakusema. Nani angemfafanulia mtu wa Mombasa? Khisa aliyatazama yale mawe yenye utelezi. Utotoni aliona moja kama hayo kwa mwalimu wao, limekaa juu ya redio kwenye kitambaa cha kufuma, jeupe pe. Akayapeleka kwenye mfereji. Akayasugua kwa brashi na sabuni ya unga hadi yakang'aa. Lile la kahawia aliliona lina sura mbaya, akalitia tankini bila kulisugua.

Siku iliyofuata matumbawe ya matawi yalikuwa yamekufa, chumba cha chai kikanuka uvundo, wateja wakaacha sambusa mezani. Fundi mwenziwe alipomletea habari hiyo huku akicheka, Khisa alihisi masikio yanawaka moto. Simu ilipolia, alimwambia mwenziwe aseme hayupo. Ikalia tena kesho yake, na kesho kutwa. Aliinama juu ya redio ambayo hata haikuwa mbovu, akiifungua na kuifunga. Kisha simu ikanyamaza, na hapo ndipo alipoogopa.

Akavaa shati safi, akaenda hotelini saa ya chai. Chepkemei alimwona, akageukia mitambo yake ya simu. Khisa akasimama mbele ya Mama Manjit, wateja wakisikia.

"Mama, hizo mawe ni mimi niliua. Niliosha na sabuni."

Mama Manjit alishusha miwani. "Wewe? Chepkemei ameniambia ni yeye."

Khisa alitamani ardhi ipasuke. Kumbe siku zote alizokuwa amejificha, msichana alikuwa amebeba kosa lake, tena bila kumtaja.

"Si yeye, Mama. Nilimdanganya nimelelewa Mombasa. Mimi mwisho wangu Longonot."

Mtu mmoja mezani alikohoa kwa kicheko. Chepkemei hakucheka. Alimwongoza hadi kwenye tanki. Chini ya ile taa moja, lile dogo la kahawia lilikuwa limefunguka, laini, likipepea.

"Hii hukuiosha?"

"Niliona haina maana."

"Ndiyo peke yake inaweza taa yetu." Alimgeukia. "Uongo ningesamehe siku hiyo hiyo, Khisa. Lakini siku tatu nzima nimepigia simu jiwe."

Khisa alirudi Bondeni ameinamisha kichwa.

Jioni, akifunga duka, simu ililia. Aliirukia.

"Jiwe?"

"Naam."

"Hata mimi bahari sijaiona. Nataka tukaione pamoja, lakini kwanza uende kwetu Rongai uongee na baba yangu."

Khisa aliketi juu ya sanduku. "Nitaenda."

"Atakuuliza umelelewa wapi."

"Nitamwambia ukweli."

"Na mwisho wako?"

"Longonot, mpenzi. Longonot."