Dada Chuma Hakukimbia

"Dada Chuma alikuwa mwoga," kaka alisema. "Bora wa wakati wote ni Radi. Mjadala umefungwa."

"Umefungwa na nani?" wifi akamdaka. "Radi ana mikanda ya ubingwa, sawa. Dada Chuma je? Nani aliwahi kumlaza mabega chini, au hata kumvua barakoa yake?"

"Alikimbia pambano la ubingwa!"

Jamani, huyu wifi yangu mtarajiwa alikuwa amekuja kumrudishia kaka pete ya uchumba! Ila alikuta TV inawataja wanamieleka bora wa kike, akashindwa kunyamaza. Yeye mwenyewe ni mwanamieleka, ulingoni wanamwita Nyuki. Kaka yangu, fundi friji, alimpendea hukohuko ulingoni. Asubuhi hiyo kaka alikuwa amemtumia meseji: "Chagua, mimi au ulingo. Mama hawezi kukubali mkwe anayebwagana na watu hadharani."

Kweli, mieleka ya wanawake ikianza tu, mama huinuka na kwenda jikoni. Siku hiyo alitoka jikoni.

"Hakukimbia," alisema, kitambaa cha vyombo begani.

"Nani, mama?"

"Dada Chuma. Na huyo Radi wenu, kila akitaka kurusha mtu alikuwa anatangulia kushusha bega la kushoto. Hata kipofu angeliona."

Wifi akakodoa macho. "Mama, hilo nimelisikia kwa kocha wetu tu."

"Kocha wenu bado anakoroma akibanwa shingo?"

Wifi alikwisha kumwamkia mama mlangoni na kumwonyesha ile meseji, lakini akapiga goti upya.

"Shikamoo, Dada Chuma."

"Marahaba, mwanangu. Inuka."

"Lakini mama," kaka akababaika, "wewe si unachukia mieleka?"

"Naondoka kwa sababu roho inaniuma. Baba yenu, Mungu amrehemu, aliniambia nichague. Nilimchagua yeye, na alikuwa mume mwema. Lakini barakoa niliivua pambano la ubingwa likiwa mlangoni, watu wakasema nimekimbia. Leo nayasikia kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe!"

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Umwombe huyo. Mimi meseji hujaniandikia."

Wifi akaweka pete mezani.

"Nakupenda," akamwambia kaka. "Ila siwezi kuolewa na mtu anayenitaka nusu."

Kaka akazima TV.

"Nimemsingizia mama," akasema. "Ninayeogopa ni mimi. Kule karakana wananicheka, eti mke atanibwaga."

"Nitakubwaga. Hilo nalo lina mjadala?"

Nilicheka peke yangu. Kaka machozi yalikuwa yanamlenga.

"Basi nibwage, lakini usiniache. Sitakuchagulia tena maisha. Nisamehe."

"Pete utanishikia kila nikipanda ulingoni?"

"Nitakushikia."

"Haya, nivishe."

Ndoa ikafungwa. Pambano la kwanza baada ya harusi, tulikaa mstari wa mbele. Kaka alikuwa na pete ya mkewe, kaifumbata hadi kiganja kinatoka jasho. Mama aliyekuwa akiikimbia TV alisimama juu ya kiti.

"Mzungukie, mwanangu! Mguu! Kamata mguu!"

Nyuki akakamata mguu, akambwaga mwenzake na kumlaza mabega. Mama akalia mbele za watu bila kujifuta. Kaka akamshika mkono amshushe kitini.

"Mama, nimekosea siku zote. Bora wa wakati wote ni Dada Chuma."

"Nyamaza," mama akamwambia, macho ulingoni. "Mpelekee mkeo pete yake."