Upande wa Nje wa Gurudumu

Jumapili ile jioni Delia hakulia.

Katika nyumba nyingine hilo lingekuwa jambo la kushukuru, lakini Delia alikuwa mtoto wa kulia. Alililia titi, alililia taa, alilia kengele za kanisa zilipolia, na jirani wa ghorofa ya juu alikuwa na kawaida ya kugonga sakafu yake kwa mpini wa ufagio mpaka chokaa ikadondoka kwenye supu yao. Jioni ile jirani alishuka mwenyewe kuuliza kama kuna mgonjwa. Mzee Duilio Nocentini, babu yake mtoto, alimjibu kwamba yule mpiga kelele wamemrudisha dukani wakapewa mwingine. Jirani akacheka. Sabina, mama yake Delia, hakucheka, kwa sababu kifua kilikuwa kimemjaa maziwa hadi kinamwuma, na mtoto alikuwa amegeuzia uso ukutani, hataki hata kuonyeshwa titi.

Duilio alikuwa mtu wa Firenze hasa, ule mji wa Italia, na watu wa Firenze wakikosa jirani wa kumtania humtania maiti. Mkewe Wanda, Mungu amrehemu, alikuwa akimwonya kila siku kwamba mdomo huponza kichwa. Yeye alijibu kwamba kichwa chake kimeshazoea. Tangu baba yake Delia alipokwenda Ujerumani kutafuta kazi na kunyamaza huko moja kwa moja, mzaha wa Duilio ulikuwa umezidi, maana hakujua njia nyingine ya kumfuta binti yake machozi. Alimpenda Sabina kupita kiasi, na mzaha wa asubuhi ile aliufanya kwa upendo. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo makumbusho hayatozi kiingilio na mji mzima hutoka kutazama urithi wake. Duilio alikuwa amestaafu kazi ya kulinda picha katika majumba makubwa, na alisema wale malaika wa dhahabu amewatazama kuliko alivyomtazama mkewe. Kwa hiyo aliikwepa misururu ya katikati ya mji, akawavusha daraja Sabina na mtoto, akawapeleka kwenye makumbusho madogo yaliyokuwa zamani nyumba ya kupokelea watoto waliotupwa.

Humo, chini ya kioo, zimepangwa medali zilizokatwa nusunusu. Mama aliyeshindwa kumlea mwanawe alimfungia nusu moja kwenye nguo, nusu nyingine akaondoka nayo, ili siku mambo yakimnyookea aje na nusu yake na apewe mtoto wake. Zilizoko chini ya kioo ni zile ambazo nusu zake za pili hazikuja. Sabina alisimama pale muda mrefu, Delia akilia begani kwake, na Duilio akaona midomo ya binti yake inaanza kutetemeka.

Basi akamchukua mtoto. Mwisho wa ushoroba, ndani ya ukuta, lilikuwapo Gurudumu lenyewe: pipa la mbao lililosimamishwa wima, lenye mdomo ubavuni, linalozunguka. Zamani mdomo ule uligeuzwa upande wa barabarani, mama akamlaza mtoto ndani, akavuta kengele, akazungusha, na mtoto akatokea ndani kwa masista bila mtu kumwona mama uso. Siku hizi upande wa barabarani umezibwa kwa matofali. Mbele yake pamefungwa kamba na kibao kinachokataza kugusa. Duilio, aliyekemea wageni maisha yake yote ya kazi kwa kugusa visivyoguswa, aliiruka kamba ile. Alimlaza mjukuu wake ndani ya pipa, akachana tiketi yake ya bure katikati, nusu akaichomeka kwenye blanketi, nusu akaitia mfukoni.

"Tutamtambua akishakuwa tajiri," alisema. Kisha akalisukuma Gurudumu mpaka mdomo wake ukaelekea kwenye matofali. "Haya, mlioko huko nje! Mchukueni huyu, ametunyima usingizi. Mtuletee anayelala."

Sabina alicheka, machozi yangali mashavuni. Halafu akamwambia baba yake basi, amrudishe. Gurudumu lilikwama kidogo, kama mlango unaozuiwa na mtu, kisha likaja. Delia alikuwa macho, ametulia, anatazama juu. Ile nusu ya tiketi haikuwamo kwenye blanketi, na Duilio akadhani imeanguka mahali.

Tangu hapo mtoto hakulia wala hakunyonya. Sabina alimpeleka kwa daktari, akijua ataambiwa mtoto amekonda. Daktari akampima uzito, akampongeza, akasema maziwa ya mama yanamfaa mtoto. Sabina alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi, hajui amweleze nani. Maana ni kweli, Delia alikuwa akinenepa. Asubuhi pembe za midomo yake zilikuwa na maziwa meupe yaliyoanza kukauka, na chumba kizima kilinuka maziwa yaliyochacha na sufu iliyonyeshewa, ingawa wiki ile haikuwa imenyesha.

Asubuhi nyingine alimkuta ameviringishwa. Shuka la kitandani lilikuwa limechanwa kanda ndefu, na kanda zile zilimzunguka mtoto kuanzia kifuani hadi nyayoni, zikimbana sawasawa, kila mzunguko umelalia mwenzake, kazi ya mikono inayojua inachofanya. Duilio alipoitwa aliutambua mviringisho ule. Ndio uliowafunga watoto weupe wa sanamu za kale za udongo, juu ya rangi ya bluu, walioko juu ya nguzo za uwanja aliopita kila siku akienda kazini. Hakuna mama wa siku hizi anayefunga mtoto hivyo.

"Baba," Sabina alinong'ona, "kuna mtu anamnyonyesha."

Duilio alitafuta neno la kuchekesha, akalikosa.

Alfajiri iliyofuata walikaa wote wawili kando ya kitanda cha mtoto, wameshikana mikono kama watoto waliofungiwa nje. Kwanza walisikia mbao, mlio mzito wa mbao ikisaga juu ya mbao, nao ulitoka ndani ya ukuta, ukuta ambao upande wa pili hauna chumba wala ngazi bali hewa tupu na ua wa chini. Ikafuata kengele, ndogo, imevutwa mara moja tu na mtu mwenye haya. Kisha ile harufu ikaingia, sufu na mvua na maziwa, ikapita katikati yao hata Sabina akahisi ubaridi wa nguo iliyolowa ukimgusa goti, na mto wa kitanda ukabonyea taratibu mahali ambapo kiwiko kingekaa, na Delia akafungua kinywa, akakipata kisichoonekana, akaanza kunyonya, mashavu yakicheza, koo likimeza, mkono wake mdogo ukipapasa hewani na kushika kidole ambacho hakipo, huku sakafuni, tone baada ya tone, maji yakidondoka kutoka kwenye pindo la vazi wasiloliona, na juu ya hayo yote sauti ya mwanamke ikiimba bila maneno, chinichini, sauti iliyojaa furaha kiasi kwamba Duilio alishindwa kuiogopa peke yake, akawa anaiogopa na kuihurumia. Maziwa ya Sabina yalimtoka yenyewe, yakalowesha nguo. Alinyoosha mikono kumchukua mwanawe, na mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mpita njia.

Wenyewe wa Firenze husema ni roho. Sisi tungesema jini. Jina halipunguzi baridi ya mgongoni.

Asubuhi ile Duilio alikwenda kwa Armida. Armida aliuza utumbo wa ng'ombe kwenye kibanda cha pembeni mwa soko, mikate imechovywa mchuzi, na mtaa mzima ulijua pia kwamba mama yake alimrithisha, mkesha wa Krismasi kama ilivyo desturi, maneno ya kuondolea jicho baya. Alifunga kibanda mapema, akaja na aproni yake, akadai sahani ya maji na mafuta ya zeituni. Alidondosha mafuta juu ya maji akinong'ona. Mafuta ya mtu aliyepigwa jicho husambaa na kupotea. Haya yalikatika katikati, kila tone likawa nusu mbili, na nusu zile zikatazamana bila kukutana.

Armida aliitazama sahani muda mrefu, akauliza mlimpeleka wapi huyu mtoto. Duilio alimweleza kila kitu, macho yameinamia sakafuni.

"Ulikuwa umesimama upande gani?" Armida aliuliza.

"Ndani. Watu wote husimama ndani."

"Ukazungusha kuelekea nje."

"Ndiyo."

"Duilio, walioko nje ndio waliokuwa wakitoa watoto. Na wengine walirudi, wakasimama palepale barabarani kwenye mvua, wakingoja lile pipa liwageukie na mtoto ndani. Halikuwageukia. Mtoto ameshakufa kwa mnyonyeshaji wa kulipwa huko milimani, au kapewa watu, nani angewaambia?" Armida aliisukuma sahani. "Wewe umelizungusha. Na nusu ya alama umemtilia mtoto kwenye nguo. Yule hajakuibia kitu. Amerudishiwa mwanawe."

Sabina aliuliza kwa sauti ndogo kama mwanamke yule anaweza kufukuzwa. Armida akatikisa kichwa, akasema mwizi ndiye hufukuzwa, mwenye haki huombwa. Kisha akamwuliza Duilio iko wapi nusu yake ya tiketi, maana kwa sheria ya pipa lile mwenye nusu ndiye hudai.

Duilio alipapasa mifuko, ingawa alikumbuka vizuri. Nusu yake aliitupa Jumapili ileile, pamoja na karatasi ya sukari, kwenye baa alikokunywa kahawa.

"Wenzako waliziweka kifuani mpaka wakazikwa nazo," Armida alisema. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomliza mzee.

Walikwenda makumbushoni siku hiyohiyo mchana. Mvua ilikuwa imeanza na hapakuwa na wageni. Mlinzi alikuwa mtu aliyewahi kufanya kazi na Duilio. Aliombwa awaachie ushoroba kidogo, akamtazama Sabina usoni, akaenda zake bila kuuliza. Armida alisema mtoto ni lazima arudi ndani ya pipa na pipa ligeuzwe nje, yule mwanamke aamue mwenyewe, kwa sababu alichokipata mtu kwa kupewa hakirudi kwa kupokonywa.

Sabina alikataa. Alimkumbatia Delia akarudi nyuma hadi ukutani, akasema heri amlee hivyohivyo, mtoto asiyemtambua, kuliko kumtoa kwa mkono wake. Delia alikuwa akiangalia pipa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile alitabasamu. Sabina aliliona tabasamu lile. Alimlaza mwanawe ndani, akalisukuma Gurudumu kwa mikono yake miwili, mpaka akaona mgongo wa mbao tu.

Halafu akaongea na ule mgongo wa mbao.

"Mama," alisema, "sikujui jina. Mimi sikumtoa. Ulikuwa mzaha, na mzaha haukuwa wangu. Najua umengoja sana. Mimi nimengoja siku chache tu na maziwa yanakaribia kunikauka. Nihurumie, wewe unayajua haya."

Duilio alivua kofia. Alisema yeye ndiye mwenye kosa. Alisema jina lake ni Nocentini, jina lililopewa watoto waliopitia mlango kama huu, na maisha yake yote amelifanyia mzaha, hakuwahi kumfikiria mwanamke wa ukoo wake aliyesimama nje ili yeye apate kuzaliwa. Alisema nusu yake ameipoteza, hana cha kuonyesha. Kama anataka mtu, amchukue yeye.

Mvua ilisikika upande wa pili wa matofali, na kati ya mvua ile, karibu sana, mtu akivuta pumzi kama anayejizuia kulia. Sabina alipiga magoti, akaweka paji la uso juu ya mbao. Walingoja mpaka mwanga wa dirishani ukageuka kijivu. Kisha ile kengele, ambayo haina kamba tangu zamani, ikalia mara moja. Gurudumu likaanza kuzunguka lenyewe, polepole, polepole mno, kama linazungushwa na mkono usiotaka kulizungusha.

Delia alikuwa amelala ndani yake, blanketi limelowa chapachapa. Alimtazama mama yake. Akakunja uso, akawa mwekundu, akalia kilio ambacho mlinzi alikisikia akiwa mlangoni. Sabina alimnyonyesha palepale chini, chini ya kile kibao cha kukataza kugusa, wote wawili wakilia, na Armida akageuka akajifanya anatazama medali.

Nyumbani jirani alikuwa akigonga kwa ufagio wake, na Duilio alisema hajawahi kusikia ngoma tamu kama ile. Sabina alikuwa anafungua blanketi ili alianike. Katika pindo lake, mahali baba yake alipochomeka nusu ya tiketi, vidole vyake vilikuta kitu kigumu kimefungwa kwa uzi. Ilikuwa nusu ya medali ya shaba, imesuguliwa na vidole hata sura ya mtakatifu imefutika.

Walitazamana. Mama anayemtoa mtoto moja kwa moja hamfungii kitu. Nusu hufungwa na yule anayekusudia kurudi.

Duilio aliinyakua, akaelekea mlangoni, akasema anakwenda kuitupa mtoni sasa hivi.

"Baba, niachie," Sabina alisema. "Wewe yako uliitupa."

Aliichukua kutoka mkononi mwake, akaifunga kwenye leso, akaitia kifuani. Nje mvua iliongezeka. Delia, katikati ya kilio, akanyamaza na kugeuza uso taratibu kuelekea ukutani, akisikiliza.