Marahaba ya Bwana Tena

Zama zile Udachi ilikuwa ingali na Kaisari, na Kaisari angali na pwani yetu. Mjini Berlini aliishi mtu wa Pangani, Hatibu bin Semboja, aliyepelekwa huko kuwasomesha Kiswahili maafisa waliojiandaa kuja kututawala. Alivaa koti la sufu juu ya kanzu, na tarbushi hakuivua hata theluji ilipoanguka. Watu walimdhania mpole. Wallahi hawakumjua. Hatibu alivuka bahari kumfuata mtu mmoja.

Mtu mwenyewe ni Kapteni von Holzwede, aliyewahi kuwa mkuu wa boma kule kwao. Huyu bwana alipenda kuamkiwa jamani! Hata wazee wenye mvi, ambao angeweza kuwa mjukuu wao, ilibidi wamwambie shikamoo. Siku moja Semkiwa, kaka yake Hatibu, alipita mbele ya boma na mzigo wa katani kichwani, akanyamaza. Akalazwa kifudifudi, akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kipimo cha Mdachi. Kila kiboko kilipotua, Kapteni alisema neno moja: "Tena." Ndipo watu wakambandika jina la Bwana Tena. Siku ya tatu Semkiwa akafa. Hatibu alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, akauona ule mgongo, akaapa kwamba atalipiza.

Lakini utamgusaje mtu wa Kaisari ndani ya mji wa Kaisari? Miaka ikapita. Hatibu alimwona mara mbili tatu kwa mbali, kwenye gwaride, juu ya farasi, kofia ya chuma yenye mwiba ikimetameta. Alimeza mate machungu akarudi darasani.

Kisha vita kuu vikaja, vikala watu miaka minne. Watu wa Berlini walikula turnipi, chakula cha ng'ombe, hadi uzalendo ukawaishia. Novemba ya mwaka 1918 mabaharia walikataa amri, askari wakawafuata, na Kaisari mwenye majeshi akatorokea Uholanzi. Jamhuri ikatangazwa. Mabaraza ya wafanyakazi na askari yakashika njia zote, na maafisa wakawa wanang'olewa tepe za mabegani mbele ya wauza magazeti. Hatibu akajifunga kitambaa chekundu mkononi, akashika zamu kwenye mlango wa stesheni pamoja na rafiki yake Otto Kranich, baharia mwenye pengo na maneno mengi.

Asubuhi moja alipita mtu mwenye ndevu, masizi usoni, na hati zinazosema ni fundi wa mabomba. Otto akampisha. Hatibu akautazama ule mwendo, akahisi anaujua, ila hakuwa na hakika. Akainamisha kichwa kidogo, akasema taratibu:

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba," akajibu yule fundi, wala hakugeuka.

Mazoea yana taabu. Alipokwenda hatua mbili akatambua alichokisema, akataka kukimbia, lakini Otto alikwishamkamata ukosi. Ndani ya bitana ya koti wakakuta tepe za ukapteni.

Otto akafungua mkanda wake, akamnyoshea Hatibu. "Haya, mpige. Mimi natazama treni."

Mwenyekiti wa baraza, Bibi Lisbeti Amsel, mshona nguo mwenye sauti kavu, akaingia kati. "Hapigwi mtu hapa. Viboko tumeviondoa. Tukimpiga, tuna tofauti gani naye? Atashtakiwa kwa sheria."

"Bibi, nimengoja miaka tisa."

"Basi ngoja mwezi mmoja."

Hatibu akaurudisha mkanda. Wanasema mstahimilivu hula mbivu. Hawasemi kwamba mbivu nyingine huliwa na popo.

Kwani Januari ilipofika, serikali mpya ikawaogopa wafanyakazi wale wale waliopindua dola ya zamani, nayo ikawaita maafisa wa Kaisari waje kuinusuru. Bwana Tena akatolewa kizuizini, akapewa kikosi na bombomu, zile bunduki za kumimina risasi. Otto alikamatwa katika ua wa kiwanda cha magazeti, mikono juu, hana silaha. Hatibu alikuwa ng'ambo ya barabara, dukani kwa mwoka mikate, akamwona Kapteni akimwelekeza ukutani na kuinua kidole; risasi zikalia, Otto akaanguka. Hatibu alilia kwa sauti, na hakuona haya.

Wiki hiyo hiyo wanawake wa Udachi walipiga kura kwa mara ya kwanza, na Bibi Lisbeti alipiga yake akiwa amevaa nguo za msiba. Ni yeye aliyepeleka mashtaka ya kuuawa kwa Otto. Kesi ikasikilizwa mwezi wa Mei, mbele ya hakimu aliyewekwa na Kaisari, kwenye kiti kile kile, na ukutani nyuma yake alama ya mraba palipotundikwa picha ya Kaisari. Hatibu akaapa, akaeleza yote aliyoyaona. Hakimu akapiga miayo. Akasema Kapteni alitimiza wajibu wake katika siku za ghasia, aende zake.

Mchana kweupe, kwenye ngazi za mahakama, von Holzwede akasimama mbele ya Hatibu na suti yake mpya. Akatabasamu, akauliza kwa Kiswahili, "Mbona huniamkii?"

Gari la farasi lilikuwa likingoja pale chini. Hatibu akauchomoa mjeledi mkononi mwa dereva, na kabla mtu hajasema lolote, Kapteni alikuwa chini kifudifudi. Kila mjeledi ulipotua, Hatibu alisema, "Tena." Wapita njia walisimama, na hakuna aliyenyosha mkono kumzuia. Polisi walimfikia alipokuwa kwenye wa kumi na moja.

Wiki moja baadaye alisimamishwa mbele ya hakimu yule yule, pingu mikononi. Hakimu hakupiga miayo safari hii. "Hii sasa ni jamhuri," akasema. "Kwa nini hukuiachia sheria?"

"Niliiachia, mheshimiwa," akajibu Hatibu. "Nayo ikamwachia."