Mawe Sita Ndani ya Pipa Langu

Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, mkulima wa mihogo na maharage, upande wa Busunzu, wilaya ya Kibondo. Shule niliishia darasa la tatu. Siwaandikii ili mnionee huruma, maana huruma sistahili. Naandika kwa sababu mkono wa mjukuu wangu ulivunjwa uani kwangu, mchana kweupe, na neno lililouvunja lilitoka kinywani mwangu mimi.

Mjukuu wangu anaitwa Jeska. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Nikamlea kwa uji wa ulezi na kwa fimbo, sifichi. Alikuwa na kichwa cha hesabu. Alifaulu, akafaulu tena, mpaka akaitwa chuo kikuu, mbali huko, kusomea uhandisi wa ujenzi.

Majirani walinicheka kisimani. Wakasema, "Mama Fidelis, yaani mjukuu wako anaenda chuo kikuu kusomea kubeba zege?"

Nikawajibu, "Yeye atabeba zege, nyie endeleeni kubeba midomo."

Huyo Fidelis ni mwanangu wa kiume, mjomba wake Jeska. Ni fundi ujenzi. Ndiye aliyenitoa kwenye nyumba ya nyasi akaniezekea bati. Nilimpenda... na mapenzi yale yalinipofusha.

Mwaka wa tatu wa chuo Jeska alipelekwa Kasulu kwa mafunzo ya vitendo, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Alipomaliza akaja kwangu kukaa likizo iliyobaki. Wakati huohuo Fidelis alikuwa amepewa kazi ya kujenga daraja dogo kwenye mto wetu, ule ambao watoto wanauvuka kwenda shule. Masika ukijaa unabeba hata ng'ombe.

Nilifurahi. Nikajua sasa mjomba na mpwa watafanya kazi pamoja. Kumbe nilikuwa nafurahia msiba.

Siku ya kwanza tu Jeska alisimama pale mafundi wanapochanganya zege, akatazama, akatikisa kichwa. Akamwambia mjomba wake kwamba saruji ni kidogo mno, mchanga una matope, na maji yamezidi. Fidelis akacheka. Mbele ya mafundi wote akasema, "Injinia wa karatasi huyo! Mimi nimejenga wewe ukiwa hujazaliwa. Umewahi kushika beleshi?"

Jeska akajibu bila kupandisha sauti. "Shikamoo zako nakupa, Mjomba. Lakini hili zege halitabeba mtu. Na mifuko ya saruji inayoondoka hapa kwa pikipiki inakwenda wapi?"

Mafundi wakaacha kuchanganya. Nilikuwepo, nimewapelekea maharage. Nilimwona mwanangu amebadilika rangi. Mnajua nilifanya nini? Nilimzaba Jeska kofi. Msichana wa miaka ishirini na tatu, mbele ya wanaume. Nikamwambia aombe radhi.

Hakuomba. Alishika shavu, akaniambia, "Bibi, nikinyamaza watoto watapita juu yake."

Kesho yake alitengeneza viboksi sita vya mbao, akaenda kuvijaza zege lilelile la daraja. Lilipoganda akavibandua. Yakawa mawe sita ya pembe nne, makubwa kama tofali fupi, kila moja amelichora alama zake kwa msumari. Akayatumbukiza kwenye pipa langu la maji, nyuma ya jiko.

Nikamuuliza kulikoni, mbona analaza mawe majini kama mihogo?

Sasa sikilizeni vizuri, wasomaji, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Alinieleza. Aliketi kwenye kinu akanieleza kama mwalimu. Zege halikomazwi na jua, linakomazwa na maji. Linakaa humo siku ishirini na nane, kisha linapelekwa kwenye mashine ya kulivunja kule kambini Kasulu, na mashine inaonyesha linabeba uzito gani. Lisipotimiza, daraja ni bovu. Akaniomba, "Usiyaguse, Bibi, na mtu asiyaguse mpaka siku zitimie."

Nilielewa. Sikusoma, lakini nilielewa. Nikawa natia punje ya mahindi kwenye kibuyu kila asubuhi kuhesabu siku, ingawa moyoni nilikuwa bado nimemkasirikia.

Fidelis alikuja siku moja kunijulia hali. Akaliona pipa. Akachungulia ndani kwa muda mrefu... kisha akaondoka hata kahawa hakunywa.

Siku hizo mtoto wa jirani yangu Mama Daudi alishikwa na homa kali. Jeska ndiye aliyempakata kwenye bodaboda mpaka zahanati, mama yake akifuata kwa miguu analia. Walimtundikia dripu, lakini walikuwa wamechelewa. Daudi akafa. Alikuwa na miaka minne.

Zahanati walisema malaria. Kijiji kikasema ni mtu.

Ndipo wakaitwa lambalamba. Wa huku tunawajua. Ni waganga wanaopita vijijini wakidai kufichua wachawi, wanaingia nyumba hadi nyumba na kioo na pembe, na nyuma yao vijana wenye fimbo. Na mara nyingi anayeonekana ni nani? Ni kikongwe. Macho yetu mekundu kwa moshi wa jikoni, basi huo ndio ushahidi. Niliogopa. Sikulala, nikajua zamu yangu imefika. Baadaye nilikuja kusikia kwamba aliyewapokea wale waganga na kunywa nao pombe ya ndizi jioni ile ni mwanangu.

Walifika kwangu asubuhi jua limeshapanda. Siku ya kumi na tisa kwa punje zangu. Uani pakajaa watu ninaowafahamu kwa majina, vijana niliowafunga vitovu. Mganga mkuu, mtu mfupi wa maneno machache, hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akasimama kwenye pipa.

Akasema, "Hapa kuna vitu vinalala majini vinahesabiwa siku. Mama, ni vya nani?"

Nikamtazama Fidelis. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi la mbuzi, anakwangua udongo kwa kidole cha mguu. Nikamtazama Jeska. Alikuwa ametulia, ananingoja mimi. Alijua bibi yake atasema.

Ningesema nini? Ningesema, ni zege, ni masomo yake, amenieleza. Maneno machache tu. Lakini niliwaza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, wakimwacha yeye watanigeukia mimi. La pili, na hili ndilo linalonila... niliwaza, acha atishwe kidogo, kichwa kishuke, amheshimu mjomba wake.

Nikasema, "Ni vya mjukuu wangu. Mimi sijui."

Sijui. Neno lenyewe ndilo hilo.

Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni kabla sijafunga mdomo. Ya pili kichwani. Wakamvuta kwa nywele mpaka katikati ya ua, wakamnyoa utosi kwa wembe mkavu, damu ikateremka machoni. Wakataka ataje alivyomla Daudi. Jeska akawa anasema jambo moja tu, "Ni zege. Muulizeni Mjomba, ni zege lake la darajani."

Watu wakamgeukia Fidelis. Hata mganga alimgeukia. Pale mwanangu angeweza kumwokoa, na mimi pia ningeokoka.

Fidelis akasema, "Miaka yote ya ufundi sijawahi kuona zege linalazwa kwenye pipa."

Yeye fundi! Yeye anayejua kwamba hata ukuta wa choo unamwagiwa maji!

Baada ya hapo sikuona watu, niliona miguu na fimbo. Walimpiga mateke ya mbavu. Mmoja alimkanyaga shingo. Kijana mmoja akasema mkono wa kulia ndio unaoandika uchawi. Wakauvuta mkono ule, wakaulaza juu ya jiwe langu la kusagia. Wakatoa jiwe moja kwenye pipa, likichuruzika maji, wakaliinua juu... wakalishusha.

Nilisikia mifupa. Mpaka leo nikisikia kuni kavu zinavunjwa, naziba masikio.

Lakini sikia na hili. Lile jiwe nalo lilivunjika. Lilimeguka vipande kama mkate, na ndani yake mchanga mtupu ukamwagika kwenye damu. Niliuona kwa macho yangu. Jeska alikuwa amesema kweli, na kweli yake ilikuwa imelala pale kwenye vidole vyake. Hakuna aliyejali. Wakachukua la pili. Likavunjika. Wakachukua la tatu.

Na mimi je? Bado nilikuwa nimesimama. Miguu ilikataa.

Aliyepasua kundi lile alikuwa Mama Daudi. Mama mwenye msiba, kanga ya matanga bado kifuani. Alimlalia Jeska mwili mzima akapiga kelele, "Nipigeni mimi! Huyu ndiye aliyembeba mwanangu! Nyie mlikuwa wapi, nyie? Nani kati yenu alimbeba?"

Alipigwa fimbo mbili, hakunyanyuka. Mikono ya wale vijana ikaanza kulegea, mmoja mmoja wakarudi nyuma. Ndipo na mimi nikapata miguu. Nikaanguka karibu yake nikilia kwa Kiha, mwana wanje, mwana wanje, mwanangu mimi. Jeska alifungua jicho moja. Akanitazama, akalifumba.

Polisi walikuja na gari. Wale waganga walikwishakimbilia porini, lakini vijana kadhaa walikamatwa. Jeska alilazwa hospitali wiki nyingi. Mbavu zikaunga, kichwa kikapona. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatwa, vilivyobaki havikunji. Nilikuwa nampelekea uji. Alikuwa anaunywa, anasema asante, anageukia ukutani.

Nyumbani yalikuwa yamebaki mawe matatu ndani ya pipa. Nilijaza maji. Fidelis alikuja akaniambia nitupe uchafu ule, mambo yaishe. Nilichukua mchi wa kinu. Nilimpiga nao begani kwa nguvu zangu zote za uzee, nikainua tena, akakimbia. Naungama na hilo. Sijutii.

Nikaendelea kutia punje. Ishirini. Ishirini na tano. Ishirini na nane.

Asubuhi ile niliyafunga mawe kwenye gunia lililoloa, nikayapakata, nikapanda basi la Kasulu. Pale kambini kwa wajenzi wa barabara, mlinzi akanizuia, "Bibi, unauza nini?"

Nikamwambia, "Siuzi. Nimeleta kazi ya injinia."

Kijana wa maabara, mtu wa kuja, si Muha, alifungua gunia. Akatambua alama. "Hizi si alama za Jeska? Yuko wapi mwenyewe?"

Nikaketi chini palepale, kando ya gunia. Alinipa kiti na maji, nikamweleza yote, hata lile neno langu. Hakunilaumu wala hakunifariji. Akaweka jiwe la kwanza kwenye mashine. Mshale ukapanda kidogo, kidogo tu... jiwe likafa. La pili vilevile. La tatu halikufika hata pale.

Akazima mashine, akaniandikia majibu kwenye karatasi. Akasema taratibu, "Bibi, hili daraja lisipitwe na mtu."

Karatasi ile niliipeleka mwenyewe kwa wakubwa Kibondo. Walikuja, wakaligongagonga daraja, wakalichora msalaba mwekundu. Baadaye likabomolewa kwa nyundo tu, halikuhitaji mashine. Hakuna mtoto aliyelipitia. Fidelis alishtakiwa kwa ile saruji iliyoondoka kwa pikipiki. Niliitwa shahidi, nikasimama mbele ya hakimu nikasema kila kitu dhidi ya mtoto wa tumbo langu mwenyewe. Alipoondolewa na askari alinitazama kwa chuki. Nilimtazama pia. Yule niliyekuwa nimemlinda siku ile uani hakuwa mwanangu, alikuwa woga wangu.

Jeska alirudi chuo. Amejifunza kuandika na kuchora kwa mkono wa kushoto, amechelewa mwaka mmoja, lakini anaendelea. Kwangu haji. Likizo anakwenda kukaa kwa Mama Daudi. Kutoka mlangoni kwangu naona moshi wa jiko lao, na namwona anateka maji kwa mkono mmoja. Akipita njiani ananiamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, Bibi." Namwitikia. Anaendelea na safari yake.

Mara moja tu alisimama. Akaniuliza, "Bibi, siku ile... ulikuwa umesahau nilichokueleza?"

Nilimwona usoni kwamba alikuwa ananipa mlango. Ningesema ndiyo, nilisahau, mimi mzee, sikusoma. Angenisamehe siku ileile, na leo ningekuwa nakula naye sahani moja.

Nikamwambia, "Sikusahau. Nilijua."

Akainamisha kichwa, akaenda zake. Labda nimempoteza kabisa. Lakini sikuweza kumvunja mara ya pili kwa neno lilelile.

Wasomaji wenzangu, hasa wazee wenzangu, nawasihi. Mtoto wako akisoma jambo usilolijua, mketishe akueleze. Akishakueleza, umekuwa shahidi wake, na shahidi hana ruhusa ya kunyamaza. Watu wenye fimbo wakijaa uani wakakuuliza, sema unachokijua hata kama sauti inatetemeka, hata kama watakugeukia wewe. Nina miaka sitini na nane. Ningepigwa mimi siku ile, ningekufa bibi. Leo ni mzima, sina hata kovu, na nyumbani kwangu hakuna anayeniita jina hilo.