Tofali la Mia Mbili na Kumi na Moja

Sekela alikuwa na miaka mitano, na alikuwa na tofali. Alilifyatua mwenyewe, kwa udongo wa shimoni. Lilikuwa limepinda kidogo.

Matofali mengine yote aliyafyatua Mjomba Lusajo. Halikupinda hata moja.

"Mjomba, yako mangapi?"

"Pamoja na lako, mia mbili na kumi na moja."

Sekela akafurahi sana. Yalikuwa mengi kuliko watu wote anaowajua.

Mjomba Lusajo alikuwa na sheria yake. Matofali yakauke kwa mistari, na mistari yote iwe sawa. Tofali lisilo na mstari linarudi shimoni. Linakanyagwa, linakuwa tope tena.

Mjomba akapanga mistari miwili.

Tup, tup, tup. Mistari imenyooka.
Na limebaki moja.

Lililobaki lilikuwa la Sekela. Moyo ukamdunda.

"Usilirudishe, Mjomba! Jaribu mitatu!"

Mjomba alipenda mistari kuliko chai. Akajaribu mitatu.

Tup, tup, tup. Mistari imenyooka.
Na limebaki moja.

Akajaribu mitano.

Tup, tup, tup. Mistari imenyooka.
Na limebaki moja.

Akajaribu saba. Limebaki moja. Akajaribu kumi. Limebaki moja.

Akajaribu kumi na moja.

Tup, tup, tup. Mistari imenyooka.
Na yamebaki mawili!

"Hii namba ina kichwa kigumu," alisema Mjomba. Akajifuta jasho. "Nimechoka, mwanangu. Lete hilo tofali."

Sekela akalikumbatia tofali lake. Gauni likachafuka. Machozi yakamtoka.

"Panga mstari mmoja, Mjomba."

"Mmoja?"

"Mmoja. Mrefu."

Mama akatoka jikoni na mwiko wake. "Kaka, sheria ni msumeno. Mstari ukiwa mmoja tu, utakosa kuwa sawa na upi?"

Mjomba akafikiri. Akafikiri tena. Akainama, akashika tofali la kwanza.

Tup, tup, tup.

Mstari ukaanzia shimoni. Ukapita jikoni. Ukazunguka migomba.

Mbuzi akasogea, ukapita.

Ukafika kwa jirani. "Hodi!" "Karibu." Ukaingia, ukatoka.

Ukaja mpaka mlangoni kwa akina Sekela. Tofali la mwisho likawekwa hapo. Lilikuwa limepinda kidogo.

Tup.

Mjomba akatazama kulia. Akatazama kushoto. Halikubaki hata moja.

Jioni, Sekela akanawa miguu, akapanda kitandani. Mjomba akachungulia.

"Kesho tukiongeza tofali moja tu, tutapata mistari miwili iliyo sawa. Na jirani ataweza kufunga mlango wake."

"Nitalifyatua mimi," alisema Sekela.

"Lisipinde."

"Litapinda kidogo."

Mjomba akalitazama tofali la mlangoni.

"Haya, mama. Lipinde kidogo."

Sekela akafumba macho, akalala.