Sana Ni Vitabu Vingapi?

Bimkubwa wa Juani hakujua kukaa mikono mitupu. Akisubiri maji yapwe, anasuka ukili, ule ukanda mrefu wa kushonea mkeka. Akisubiri chai ichemke, anasuka ukili. Hata msibani, akishafuta machozi, mkono huurudia ukili wenyewe. Majirani walimtania: "Bimkubwa, siku yako ikifika utamwambia malaika asubiri umalize mkeka?"

"Nitampa na yeye asuke," alijibu.

Kazi yake kubwa ilikuwa mwani. Bahari ya kisiwa cha Juani ina siku zake. Kuna siku za maji mafu, ambapo maji hayaendi mbali, na kuna siku za bamvu, ambapo maji hupwa mpaka mashamba yote ya mwani yanaonekana. Bamvu huja mwezi ukiandama, na huja tena mwezi ukiwa mpevu. Hapo wanawake huvuna. Mwani ukikauka, mnunuzi hufika na mizani yake. Siku hiyo ya kupima, kila mtu ana chochote mfukoni, na pwani hapatoshi.

Siku hiyohiyo Bimkubwa alifungua biashara yake ya pili. Alifunga kamba baina ya minazi miwili, akatundika vitabu vya katuni kwa vibanio vya nguo. Mchoraji alikuwa binti yake, Zuena. Humo ndani alikuwemo Bi Potwe, samaki mkubwa kama mashua lakini mpole, anayeamua ugomvi wa samaki wadogo. Alikuwemo pweza mwongo, kila mkono na uongo wake. Alikuwemo na askari wa hifadhi ya bahari, kofia kubwa kuliko kichwa. Watu wa hifadhi wenyewe walivisoma wakashika mbavu.

"Kazi ya mwanangu hiyo!" Bimkubwa alimwambia kila aliyenunua. Na asiyenunua aliambiwa vilevile.

Aliyegharimia uchapaji kule Dar es Salaam alikuwa kaka yake Bimkubwa, Shaibu, mwenye duka mjini Kilindoni, ng'ambo ya maji. Siku moja Shaibu akavuka kuja Juani. Chai hata haijapoa, akasema neno lake.

"Dada, vitabu hivi naona vinashuka. Nafikiri tuache kuvichapisha. Zuena aje Kilindoni, anishikie duka. Atauza sabuni na sukari, atakuwa na mshahara wake."

Zuena alikuwa akichonga penseli. Kisu kikasimama.

"Vinashuka wapi?" Bimkubwa akaja juu. "Vinauzika sana!"

"Sana ni vingapi?"

"Sana! Watu wanagombania!"

"Vingapi, dada?"

Bimkubwa akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Hakujua. Miaka yote aliuza tu, akampelekea kaka yake fungu lake, yakaisha.

Shaibu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mpwa wake. Lakini alikuwa mtu wa duka, na mtu wa duka hali kelele. "Nakupa miezi miwili," alisema. "Nikirudi, nionyeshe kwa macho. Ukishindwa, nitaondoka na Zuena."

Usiku ule Zuena hakula. "Mama," aliuliza, "nikiwa nyuma ya meza ya duka, nitachora saa ngapi?"

Bimkubwa akamsogezea sahani. Ilimuuma, tena ilimuuma sana, kwa sababu alijua kosa ni la kwake, hakuwahi kuhesabu.

Asubuhi akaenda kwa jirani yake Leonia, nesi wa zahanati. Leonia alitoka Bukoba, lakini alikuwa amekaa Juani hata akajua kukuna nazi kwa mbuzi bila kujikata.

"Hodi!"

"Karibu, mama Zuena. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja, nimepatikana."

Alimweleza yote. Leonia akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kadi ya kliniki, ile ya kupimia watoto, akaiweka mezani.

"Unaikumbuka kadi ya Zuena alipokuwa mchanga?"

"Niisahau wapi! Mstari ulipanda, nikatembea na kadi kijiji kizima."

"Ulijuaje kwamba anakua?"

"Si walimpima kila mara, wakatia nukta?"

"Basi kitabu nacho ni mtoto," alisema Leonia. "Humpimi, ndiyo maana huna la kusema. Chukua njiti za ufagio. Ukiuza kitabu kimoja, tia njiti moja kikapuni. Palepale. Usingoje jioni, kichwa husahau."

"Na nikimpa shoga yangu bure?"

"Hutii njiti. Hicho hakikuuzwa."

Bimkubwa akaguna. Mashoga zake walikuwa wengi.

Kazi ikaanza. Kitabu kimoja, njiti moja. Leonia alisema wahesabu mwisho wa mwezi. Lakini Bimkubwa alikuwa na mazoea yake ya mwani: kila siku ya kupima ikimalizika, hufunga mambo yake yote. Basi kila mara alizifunga njiti zake kwa kipande cha kanga kuukuu, kitita kimoja, akakiweka chini ya kitanda.

Miezi miwili ikapita. Shaibu alituma salamu: Ijumaa anakuja. Leonia akaja nyumbani kwa Bimkubwa, wakafungua vitita kwa mfuatano, wakazihesabu njiti, kila rundo kando ya kitambaa chake. Mwezi wa kwanza, sitini na moja. Mwezi wa pili, hamsini na sita.

"Sasa tuziweke ziweze kuonekana," alisema Leonia. "Sisi zahanati huchora nguzo kwenye karatasi. Nguzo ndefu, watoto wengi waliochanjwa. Nguzo fupi, wachache."

Bimkubwa akainua bunda la ukili lililokuwa mapajani. "Huu haufai?"

Leonia akacheka. "Unafaa kuliko karatasi! Upana wa kidole kimoja uwe kitabu kimoja. Lakini vidole havilingani. Kata kijiti kimoja chenye urefu sawa na upana wa kidole chako, tukitumie hichohicho mwanzo mpaka mwisho."

Wakapima, wakakata, wakatundika ukutani. Kili mbili. Wa kwanza mrefu, wa pili mfupi.

Leonia akaupima tena ule wa pili. Kuku akaingia, akatoka.

"Tuuinue huu wa pili kidogo," Bimkubwa akasema kwa sauti ndogo. "Uanzie pale kwenye msumari. Vichwa vitalingana."

"Na miguu je?" aliuliza Leonia. "Mama Zuena, mtoto akikonda hatumtii jiwe mfukoni ndipo tumpime. Tutakuwa tunamdanganya nani? Kili zote zianzie mstari mmoja. Ukweli ukiwa mfupi, tuuache mfupi."

"Basi mjomba alisema kweli," alisema Zuena. Akaanza kukusanya penseli zake, moja moja, akizitia kwenye mfuko wa nailoni.

Kuona vile, Bimkubwa akapandwa na hasira. Akavikusanya vile vitambaa vya kanga alivyofungia njiti, avitupe jikoni viungue. Vya mwezi wa kwanza mkono wa kulia. Vya mwezi wa pili mkono wa kushoto. Akaviangalia. Kulia vitatu. Kushoto viwili.

Akaketi chini pu!

"Leonia! Mwezi ule mnunuzi alikuja mara tatu!"

"Mara tatu?"

"Mwanzo wa mwezi, katikati, na tena siku ya mwisho kabisa. Mabamvu matatu! Mwezi huu alikuja mara mbili tu. Na watu hununua kitabu wakishapima mwani. Maji yakiwa mafu, nani ana hela ya katuni?"

Leonia akajipiga paja. "Kumbe! Hapo nimekosea mimi. Nimekupa kipimo cha kalenda, na wateja wako wanakwenda na bamvu. Ni kama kumpima mtoto leo na nguo na kesho bila nguo, kisha useme amekonda. Hesabu ni sahihi, ila tumelinganisha visivyolingana. Zirudishe njiti zako kwa vitita!"

Zuena akauacha mfuko, akaja mbio. Wakapima upya kwa kijiti kilekile. Kila bamvu ukili wake. Kumi na nane. Ishirini na mbili. Ishirini na moja. Ishirini na sita. Thelathini. Wakazitundika zote tano kutoka mstari mmoja, kwa mfuatano wake. Ukutani pakawa na ngazi.

Bimkubwa akapiga kigelegele peke yake, mpaka jirani wa pili akauliza ni harusi ya nani.

Ijumaa, baada ya sala, Shaibu akabisha hodi. Alipoingia akasimama mbele ya ukuta. Juu ya kili, Zuena alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: VITABU VILIVYOUZWA KILA BAMVU. Chini ya kila ukili pana namba yake. Kando pana kile kijiti kwenye uzi, na maneno: "Kijiti kimoja ni kitabu kimoja."

Shaibu akasogea karibu. Akaweka kidole chake kwenye ukili wa mwisho, akaanza kupanda nao akihesabu. Alipofika juu akageuka.

"Mmeandika thelathini. Mimi nimepata ishirini na tatu."

"Kaka, kidole chako kimekula samli," alisema Bimkubwa. "Chukua kijiti."

Shaibu akacheka bila kutaka. Akachukua kijiti, akahesabu tena. Thelathini.

"Na huu wa tatu? Mbona umerudi nyuma?"

"Mvua ilinyesha siku ya kupima. Nikaanua vitabu mapema visilowe."

"Na kwa mwezi?"

Bimkubwa akavuta pumzi. "Kwa mwezi, sitini na moja, kisha hamsini na sita. Sikufichi. Ulisema vinashuka, na kweli kwa mwezi hata sasa vimeshuka. Lakini ule wa kwanza ulikuwa na mabamvu matatu, na huu una mawili. Linganisha bamvu na bamvu, kaka. Mtoto anakua."

Shaibu akakirudisha kijiti mahali pake. Alikuwa ameishi kisiwani maisha yake yote. Bamvu alilijua kabla hajajua kalenda. Akamtazama Zuena, aliyejibanza mlangoni na penseli mkononi.

"Ukili wa sita utakuwa na vingapi?"

"Sijui, mjomba," alijibu Zuena. "Ukifika tutaupima."

"Jibu zuri hilo," alisema Shaibu. Akaketi, akaomba chai. "Basi chora. Bi Potwe asiniletee laana. Duka nitatafuta mtu mwingine."

Bimkubwa akageukia ukuta kujifuta macho. Safari hii hakusema kwa kelele, lakini alijisikia mrefu kuliko kili zote tano.

Ukili wa sita ulipotundikwa, ulikuwa na vitabu thelathini na vinne. Na watu wakaanza kuja kuangalia ukuta. Mwanamke mmoja akaanza kupima vitumbua vyake kwa njiti, akagundua kwamba siku ya gulio anapika vichache mno. Zuena naye akachora kitabu kipya, ambamo Bi Potwe anawafundisha samaki kuhesabu, na pweza anajisifu kuwa ana vidole vingi kuliko wote.

Kabla ya bamvu la saba, Bimkubwa akavuka kwenda Kilindoni, akaingia dukani kwa kaka yake. Akasita mlangoni. Nyuma ya meza, juu ya magunia ya sukari, palining'inia kili nne, kila mmoja na jina la bidhaa yake, zote kutoka mstari mmoja. Zilikuwa zimesukwa vibaya, kazi ya kaka yake mwenyewe. Shaibu alijifanya hamuoni.

Mteja mmoja alikuwa akifunua kitabu cha katuni mezani. "Shaibu, vitabu hivi vya mpwa wako vinauzika?"

"Sa..." alianza Shaibu. Akamwona dada yake amemkazia macho. Akakohoa.

"Thelathini na vinne," alisema, kifua mbele, "bamvu lililopita. Na mchoraji ni mpwa wangu mwenyewe."